Watoto wameondoka, besimenti imebaki: tuifanyie nini?

Swali: Sisi ni mume na mke kutoka Tanzania, tuko Brooklyn Park, Minnesota, tangu miaka ya 90. Nyumba yetu ilijengwa 1968: juu kuna vyumba vitatu vya kulala, jiko na sebule, chini ni besimenti nzima, yaani ghorofa ya chini ya ardhi. Aliyetuuzia alikuwa ameshaimalizia zamani, kuta za mbao za kahawia, zulia, dari ya vibao vya kubandua, bafu dogo, na baa ambayo sisi tunahifadhia masufuria ya sherehe. Mashine za kufulia na friza kubwa ziko huko huko, karibu na tanuru la kupashia nyumba joto. Mtoto wetu wa mwisho alihama mwezi Juni. Mzee ana miaka 68, amestaafu udereva wa basi, anataka ukumbi wa kutazamia mpira. Mimi nina 64, bado nahudumia wagonjwa, nastaafu mwakani, na magoti yameanza kunisumbua. Nataka chumba kizuri cha mama yangu, ambaye huja kutoka Moshi akakaa miezi sita. Kijana wetu mkubwa anasema tupangishe tupate hela. Fundi tunayesali naye yuko tayari kuanza baada ya Krismasi. Tuanzie wapi?

Jibu:

Shikamoo mama, na mzee umfikishie salamu. Hongereni kwa kumaliza kulea.

Barua yako ina maombi matatu, la mzee, la kwako na la kijana, na nitayajibu yote. Lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoipitia haraka: mashine za kufulia ziko chini.

Mpira mzee atashuka kuutazama kwa hiari yake. Siku mguu ukikataa, atautazama sebuleni. Kufua hakuna hiari. Kila wiki mmoja wenu anashuka ngazi za nyumba ya 1968 akiwa amekumbatia kapu la nguo kwa mikono yote miwili, haoni anapokanyaga, hana mkono wa kushikia reli. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, wanasema zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne wenye miaka 65 na kuendelea hapa Marekani huanguka kila mwaka, na kwamba katika umri huo kuanguka ndiko kunakoongoza kwa vifo vya majeraha. Wewe umehudumia wagonjwa miaka yote hii; nyonga iliyovunjika unaijua kuliko mimi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya besimenti yenu inafanyika juu. Chukueni chumba kidogo kuliko vyote, au kabati lake la nguo, hasa kama ukuta wake umepakana na bafu. Hapo mabomba ya maji safi na ya majitaka yako jirani, fundi bomba hahitaji kuvunja nusu ya nyumba. Nunueni mashine mbili za kupandana, ya kufulia chini, ya kukaushia juu. Kama hakuna ukuta wa nje wa kutolea hewa ya joto, zipo mashine za kukaushia zisizohitaji bomba la nje. Zinachukua muda mrefu zaidi, lakini ninyi sasa mnafua nguo za watu wawili. Chini ya mashine ya kufulia wekeni sinia lenye tundu la kutolea maji, kwa sababu sasa ikivuja italowesha dari ya besimenti mliyoilipia. Kama nafasi ipo, friza nalo lipande, au mnunue dogo la juu kwa ajili ya nyama ya wiki na lile kubwa libaki la akiba.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitumia kwenye nyumba za wastaafu: chini kiende kile ambacho mkikikosa mwezi mzima hampungukiwi kitu. Ukiipima barua yako kwa kanuni hiyo, mengi yanajipanga yenyewe, na la kwanza ni la mama.

Mama asilale chini. Najua umeandika kwa mapenzi, unataka apate mahali pake, pakubwa, penye bafu lake. Lakini watoto wamehama na vyumba viwili viko wazi juu, hatua chache kutoka chooni, vyenye madirisha yanayoingiza jua. Kwa nini bibi wa Moshi, aliyezoea kuamka akaona mlima, umshushe chini ya ardhi? Desemba jua la huku linazama saa kumi na nusu jioni. Atashuka mchana, apande kula, ashuke kupumzika, aamke usiku kutafuta choo katika nyumba ngeni, na kila safari ni ngazi. Mpe chumba cha juu, weka kiti cha mikono karibu na dirisha, taa ya kugusa kando ya kitanda, na vishikilio bafuni. Wanaofaa kulala chini ni vijana na wajukuu wakija sikukuu ya Thanksgiving. Magoti yao bado mapya.

Sasa twende chini kwenyewe, na hapa ndipo nitakapomwudhi kidogo fundi wenu. Msianze baada ya Krismasi. Besimenti za huku zipo kwa sababu ya baridi: kusini mwa Minnesota msingi unatakiwa ushuke angalau inchi 42 ili usisukumwe na ardhi inapoganda, na watu wakishachimba kiasi hicho wanaona heri wamalizie kuchimba wapate ghorofa. Maana yake mna kuta za zege zilizozungukwa na udongo pande zote, na udongo huo unalewa maji hasa theluji inapoyeyuka mwezi Machi na Aprili. Fundi akifunga kuta Februari, anafunga macho mwezi mmoja kabla ya mtihani. Acheni theluji iyeyuke mbele ya macho yenu, ndipo mjenge.

Wakati mnasubiri, kazi ipo. Tafuteni ubao mmoja wa ukutani upande wa kaskazini au penye kona ya mfereji wa paa, mubandue sehemu ya chini tu, mmulike kwa tochi. Miaka ya 60 na 70 walipigilia vipande vyembamba vya mbao moja kwa moja kwenye zege, wakajaza sufi ya kioo ya kuzuia baridi, wakafunika. Hewa ya joto ya ndani inapenya, inakutana na zege baridi, inageuka maji. Mkiona mstari wa unga mweupe wa chumvichumvi kwenye zege, maji yamepita hapo na mstari unawaonyesha yamefika wapi. Mkiona sufi imekuwa nyeusi, ni vumbi ambalo sufi imelichuja kutoka hewani au ni ukungu. Mkishika ubao kwa chini na kidole kikazama, ni ukungu na umeshakula. Harufu ile ambayo kila mtu huiita ya besimenti inatoka nyuma ya mbao hizo na kwenye zulia. Hakuna rangi mpya itakayoiondoa.

Maji mengi dawa yake iko nje na ni rahisi. Udongo unaozunguka nyumba unatakiwa uteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Nyumba ya miaka zaidi ya 50 udongo wake huwa umeshazama ukageukia nyumba. Rudishieni mteremko, refusheni mabomba ya mifereji ya paa yamwage mbali, kisha muone. Pampu ya shimo la sakafuni linalokusanya maji, kama ipo, mimineni ndoo ya maji muone kama inaamka, na muiwekee betri ya akiba, kwa sababu dhoruba inayoleta maji ndiyo inayokata umeme. Halafu chukueni mkataba wa bima mkausome: bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko, na majitaka yanayorudi nyuma kupitia tundu la sakafu hailipii mpaka muongeze kipengele chake. Kipengele hicho ongezeni kabla ya kununua kochi.

Kazi ya pili ya kipindi cha baridi ni kupima radoni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka kwenye urani iliyoko ardhini, inapenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya chini. Hapa Marekani ndicho chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba mbili katika kila tano za jimbo hili zina kiwango cha hatari. EPA, shirika la serikali la mazingira, wanashauri kuchukua hatua ikifika pikokuri 4 kwa lita ya hewa. Kipimo cha muda mfupi ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili: mnakiweka besimenti siku mbili mpaka saba, madirisha yamefungwa, mnakituma maabara kwa posta. Majira ya baridi ndiyo mazuri kupimia, kwa kuwa nyumba imejifunga. Kikisoma juu, anakuja fundi mwenye leseni ya Idara hiyo, anatoboa sakafu, anapitisha bomba mpaka juu ya paa, anaweka feni inayovuta gesi kutoka chini ya zege. Kwa kawaida kazi hiyo ni dola elfu chache. Ifanyike kabla ya sakafu mpya, kisha mpime tena mkishamaliza ujenzi. Kama watoto wenu waliwahi kulala huko chini, ilikuwa kwa saa chache za usiku. Mzee mstaafu na televisheni yake atakaa humo mchana kutwa.

Jambo moja la hatari kabla hamjang'oa chochote. Nyumba ya 1968, chini ya zulia mnaweza kukuta vigae vya inchi 9 kwa 9, vya kahawia au kijani, vimegandishwa kwa gundi nyeusi. Vigae vya namna hiyo, na mara nyingi gundi yake, vilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu. Vikiwa vizima vimelala havina neno. Vikivunjwa, kukwanguliwa au kupigwa msasa ndipo vumbi lake linapoingia mapafuni. Msimruhusu mtu aje na patasi. Pelekeni kipande maabara, na kama ni asbesto, mara nyingi njia nzuri ni kuviacha hapo hapo na kuweka sakafu mpya juu. Rangi za kabla ya 1978 nazo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na fundi anayezigusa anatakiwa awe na mafunzo ya hilo.

Ngazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndizo zitakazoamua mtaitumia besimenti miaka mitano au ishirini.

Chukueni rula. Kanuni ya makazi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani inataka kidato cha ngazi kisizidi inchi 7 na robo tatu kwa kimo, na pa kukanyagia pasipungue inchi 10. Nyumba za umri wa yenu nimezoea kukuta kimo cha inchi 8 na zaidi, na pa kukanyagia inchi 9, yaani kisigino kinaning'inia wakati wa kushuka. Kama nafasi inaruhusu kuzijenga upya kwa mteremko mpole, hiyo ni fedha nzuri kuliko baa yoyote. Kama hairuhusu, basi reli pande zote mbili, zikianza kidato cha kwanza na kuishia cha mwisho bila kukatika. Angalieni yenu: nina hakika ipo upande mmoja na inaishia vidato viwili kabla ya sakafu, kwenye ile sehemu ambayo mtu anadhani ameshafika. Reli iwe ya mviringo inayojaa kiganjani, urefu wa inchi 34 hadi 38 kutoka ukingo wa kidato. Ubao mpana mlioegeshea mkono mzee akiteleza hautamsaidia, vidole haviwezi kuuzunguka. Ukingo wa kila kidato upakwe rangi inayopingana na sehemu nyingine. Swichi ya taa iwepo juu na chini. Na kama mlango wa juu unafungukia upande wa ngazi, ugeuzwe.

Kisha kuna mtego mmoja ambao mafundi wengi hawauoni mpaka mkaguzi awaambie. Mkiinua sakafu ya besimenti, labda kwa vibao vya kutenganisha zege na sakafu kisha sakafu yenyewe, mmeongeza inchi moja na zaidi. Kidato cha mwisho kimekuwa kifupi kwa inchi hiyo hiyo. Kanuni hairuhusu tofauti ya zaidi ya inchi 3/8 (chini ya nusu inchi) kati ya kidato kirefu na kifupi katika ngazi moja, na haikuandikwa kwa urembo: mguu ukishashuka vidato kumi na viwili vya kimo kimoja unakuwa umekariri, cha kumi na tatu kikiwa tofauti unajikwaa bila kujua kwa nini. Muulizeni fundi wenu, kabla ya kumpa hata dola, sakafu mpya itakuwa na unene gani na ngazi atazifanyaje. Jibu lake litawaambia mengi juu yake.

Kiti cha umeme cha kupandia ngazi kipo, na kwa ngazi iliyonyooka ni dola elfu kadhaa. Yenye kona ni mara kadhaa ya hapo. Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii. Hamkihitaji leo. Wekeni tu soketi ya umeme karibu na kichwa cha ngazi wakati kuta ziko wazi, basi.

Mnaweza kuniuliza, kama ngazi ni tatizo hivyo, si tuifunge tu hiyo besimenti? Hapana, na sababu moja ni kimbunga cha aina ya tornado. Ving'ora vinavyojaribiwa huku kila Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana mnavisikia. Tarehe 22 Mei 2011 havikuwa vya majaribio, muulize yeyote aliyekuwa kaskazini mwa Minneapolis. Besimenti ndiyo mahali pa kukimbilia, kwa hiyo sehemu moja isiyo na dirisha ibaki wazi siku zote, yenye viti vya watu watatu, maji, tochi na dawa zenu. Msiijaze mapipa ya mizigo.

Sasa vyumba vyenyewe. Ghorofa yote msiikate vipande. Ninyi si familia ya Kimarekani ya watu wawili na mbwa. Kukitokea msiba nyumbani, watu wanakuja kwenu usiku huo huo. Kuna chama, kuna ibada ya nyumbani, kuna vikao vya harusi. Kwa Waafrika wa jimbo hili besimenti ndiyo ukumbi wa jumuiya, na plani nzuri inalikubali hilo waziwazi. Ukumbi mmoja mkubwa, televisheni ya mzee upande mmoja, viti vyepesi vya kukunja kwenye kabati, na chumba kimoja tu cha wageni pembeni. Kwa kochi la mzee nina sharti: kikalio kisiwe chini ya inchi 18 kutoka sakafuni na mikono yake iwe migumu. Makochi laini ya kuzama yanapendeza dukani. Mtu wa miaka 75 hatoki humo bila kuitiwa msaada.

Chumba cha wageni kina sharti lake, na halina mjadala. Popote mtu anapolala chini ya ardhi pawe na dirisha la kutokea moto ukizuia ngazi: uwazi wa futi za mraba 5.7, upana usiopungua inchi 20, kimo cha uwazi kisichopungua 24, na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Vile vidirisha vyembamba vya juu mlivyonavyo havitoshi. Kukata zege na kuchimba shimo la dirisha kwa nje kunagharimu, lakini katika kazi zote nilizowatajia hii ndiyo inayobadilisha sura ya besimenti, kwa sababu dirisha la uhai ndilo pia dirisha la mwanga. Liwekeni upande wa kusini kama kiwanja kinaruhusu, pakeni kuta za shimo rangi nyeupe, na ukubwa wake msibane kwenye kile kiwango cha chini. Kabla mtu hajachimba pigeni 811 waje kuonyesha nyaya na mabomba ya gesi, ni bure. King'ora cha moshi kiwe ndani ya chumba, nje yake na kila ghorofa, vyote vimeunganishwa kimoja kikilia vilie vyote. Sheria ya Minnesota inataka pia king'ora cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu itokayo kwenye kitu kinachoungua, kama mkaa) ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala.

Na kwa kuwa nimetaja gesi hiyo: jiko la mkaa lisiingie besimenti wala gereji, hata mlango ukiwa wazi, hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri na watu arobaini wanasubiri nyama. Semeni hapana. Ile baa igeuzeni jiko dogo la kupashia: sinki, jokofu dogo, kaunta ya kupangia masufuria ya pilau yaliyopikwa juu. Msiweke jiko kamili la kupikia bila kuuliza mji, kwa maana sehemu nyingi jiko la pili ndilo linalomfanya mkaguzi aihesabu nyumba kuwa ni nyumba mbili.

Kuta baada ya masika: toeni mbao na sufi yote, gandisheni vibao vya foamu ngumu moja kwa moja kwenye zege na kuziba maungio, kisha fremu na jipsamu isiyogusa sakafu. Sakafu iwe ya vinili ya kupachika au vigae. Zulia likitakiwa, liwe la vipande vya kunyanyuliwa. Mbao halisi hapana. Dari ya vibao vya kubandua watu wanaicheka, mimi ningeiweka mpya ya aina ile ile, maana juu yake kuna mabomba ya miaka zaidi ya 50 ambayo siku moja yatataka kuguswa. Mashine ya kuvuta unyevu ifanye kazi kiangazi chote na bomba lake limwage lenyewe kwenye tundu la sakafu, msibebe ndoo. Unyevu ukae kati ya asilimia 30 na 50. Taa ziwe nyingi kuliko anavyopendekeza fundi mwenye miaka 35. Macho ya mzee yanataka mwanga mwingi zaidi kuona kile kile.

Bafu la chini lifanyeni moja tu lakini lifanywe sawasawa: mlango wa inchi 36, pa kuogea pasipo na kizingiti, choo cha kimo cha inchi 17 hadi 19, na kabla jipsamu haijafungwa mbao nene zipigiliwe ndani ya kuta zote za bafu. Vishikilio mtaweka sasa au baadaye, lakini mbao haziwezi kuingia baadaye bila kubomoa. Kupata mteremko wa maji bila kizingiti itabidi zege likatwe. Likatwe.

Kijana anayesema mpangishe hajakosea hesabu, ila hajahesabu yote. Mpangaji anahitaji mlango wake wa nje, kibali na ukaguzi wa mji, na mapato yake yanaingia kwenye kodi. Muulizeni pia mthamini wa kaunti kodi ya nyumba itaguswa vipi. Halafu msiba ukitokea mtawaweka wapi watu? Ningewashauri msipangishe sasa, lakini jengeni kwa namna isiyofunga njia hiyo: dirisha lipo, bafu lipo, mabomba ya jiko yamefikishwa na kuzibwa. Siku mmoja wenu akihitaji mtu wa kulala nyumbani amwangalie, msaidizi wa kazi au mjukuu anayesoma chuo, atapata pake. Huyo naona ndiye mpangaji wenu halisi.

Masanduku ya watoto, vikombe vya mpira wa kikapu, majoho ya kuhitimu, wapeni tarehe. Mkiwaambia mwisho ni siku theluji inapoyeyuka, wanakuja; mkiwaambia chukueni mnapopata nafasi, mtazikwa navyo. Mapipa ya bluu ya kutumia mizigo nyumbani Tanzania yawe mawili kwa wakati, moja linajazwa, moja linasubiri, na yakae juu gereji, kwa sababu pipa lililojaa mchele na viatu halipandi ngazi.

Na fundi wenu. Sina neno naye, huenda ni hodari. Lakini kusali pamoja hakuchukui nafasi ya leseni. Ingieni kwenye tovuti ya Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota, andikeni jina lake. Jimbo lina mfuko wa kuwafidia wenye nyumba waliopata hasara kwa mkandarasi mwenye leseni. Asiye nayo, mfuko huo haumhusu. Kibali cha ujenzi kichukuliwe, na mkaguzi aone nyaya, mabomba na foamu kabla kuta hazijafungwa. Akiwaambia kibali kinachelewesha na kuongeza gharama tu, mshukuruni, mtafute mwingine. Heri mkorofishane naye leo kanisani, kuliko Julai mbele ya ukuta uliolowa.

Hamkusema mna kiasi gani. Vyovyote iwavyo, fedha ifuate mpangilio huu: kufulia kupande juu, maji na radoni, ngazi, dirisha, bafu, kuta na sakafu, kisha televisheni. Ikiishia kwenye bafu, simameni hapo mpaka mwaka unaofuata; mzee ataelewa, sebule sasa hivi haina wa kugombea rimoti naye. Wiki hii agizeni kipimo cha radoni, pimeni kidato cha kwanza, cha kati na cha mwisho, mniandikie namba pamoja na picha ya pale mlipobandua ubao. Nikishaona nitawaambia kama ngazi zinajengeka upya au tutengeneze zilizopo.